Maji ya Wanga Juu ya Embe: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Toleo lililopita tulisema kwa mistari michache kwamba tunda likivikwa utando mwembamba wa wanga wa muhogo huchelewa kuiva. Barua zilizofuata zilidai vipimo. Tumezipunguza urefu, na majibu yametolewa na watu wanaofanya kazi hii ya kupika, kumimina na kukausha tando za mimea.

Nina miembe ya Apple na Ngowe hapa Makueni. Mliandika “wanga kidogo”. Kidogo ni ngapi? Naomba gramu, si maneno. – Mkulima, Makueni

Una haki. Kwa lita 10 za maji, weka gramu 200 za wanga wa muhogo na gramu 60 za glisirini, kile kimiminika kizito kinacholegeza utando usipasuke. Hiyo ni asilimia 2 ya wanga, na glisirini asilimia 30 ya uzito wa wanga wenyewe. Pima kwa mizani. Kijiko cha wanga uliorundikwa na kijiko kilichosawazishwa hutofautiana mno, na katika kazi hii asilimia 2 na asilimia 4 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Korogea wanga wote kwenye lita 2 za maji baridi mpaka usione donge hata moja. Lita 8 zilizobaki zipashe hadi zikaribie kuchemka, kisha mimina yale maji ya wanga taratibu huku mwiko haupumziki. Wanga wa muhogo huanza kuvimba kwenye nyuzi 60 na kidogo, na ukipita 70 huwa umeiva. Shikilia nyuzi 80 kwa dakika 10. Hata bila kipimajoto utaona: maji yaliyokuwa meupe kama tui yanageuka maangavu na yenye kuteleza. Weupe ukibaki, wanga haujaiva, na ukikaukia juu ya embe utakuwa vumbi tu. Usiuache utokote nusu saa pia. Moto mkali wa muda mrefu hukata minyororo ya wanga, yaani molekuli zake ndefu, na utando unakosa nguvu.

Tia glisirini, koroga, chuja kwa kitambaa safi, funika sufuria isije ikafanya ngozi juu, uache upoe hadi chini ya nyuzi 30. Tumia siku hiyo hiyo. Kinacholala hadi kesho ni chakula cha bakteria, kimwage.

Sasa embe. Liwe limepevuka lakini bado gumu. Likiwa limeanza kulainika, umechelewa. Chuma na kikonyo cha sentimita moja ili utomvu usichome ngozi, kisha kikate baadaye tunda likiinamishwa. Osha kwa maji yenye klorini: mililita 30 za dawa ya kung’arishia nguo nyeupe yenye nguvu ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, kwa lita 10 za maji. Suuza kwa maji safi. Halafu kausha kweli kweli, maana hapa ndipo wengi hukosea. Tone la maji lililobaki juu ya ngozi hupunguza wanga mahali hapo, na utando unatoka na mabaka.

Chovya kwa nusu dakika hadi dakika moja, toa, weka juu ya wavu, elekeza feni. Baada ya dakika 40 hivi ukigusa halinati. Usipange maembe yakigusana kabla ya hapo, yatagandana, na ukiyatenganisha utando unang’oka.

Ukitaka kujua ni kiasi gani kinabaki, piga hesabu hii. Embe la gramu 400 lina eneo la ngozi kama sentimita za mraba 300. Likitoka na tabaka la maji lenye unene wa milimita 0.1, limebeba mililita 3 tu, ambazo ndani yake mna gramu 0.06 za wanga. Likikauka unabaki utando wa karibu milimita 0.002. Huuoni, huuhisi mdomoni, ila tunda linauhisi. Tegemea siku kadhaa za nyongeza katika joto la kawaida, usitegemee mwezi. Na kabla ya kuchovya mavuno yote, chukua maembe 20 ya mti mmoja, siku moja, uyachovye. Mengine 20 uyaache. Pima uzito kila asubuhi.

Nilifuata maelezo, tena nikachovya mara mbili ili utando uwe imara. Siku ya sita embe lina rangi ya kijani nje na ndani linanuka pombe. Wanga ulichacha? – Msomaji, Malindi

Wanga haukuchacha, embe ndilo lililochacha, kwa sababu ulilinyima pumzi. Tunda lililochumwa bado linapumua: linavuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi. Kazi ya utando ni kupunguza oksijeni inayoingia ili uivaji uende polepole. Ukiizuia karibu yote, chembechembe za tunda zinaanza kuvunja sukari bila hewa, na zao la njia hiyo ni alikoholi, ileile ya mnazini. Rangi ya kijani isikudanganye, ngozi imechelewa ilhali nyama imeharibika.

Wanga ni kizuizi kizuri cha oksijeni ukiwa mkavu. Mvuke wa maji ndio unaoupita kirahisi. Watu wengi hufikiri kinyume chake, ndiyo maana wanaongeza unene wakitafuta kuzuia kunyauka, matokeo yake ni kulikaba tunda. Rudi kwenye asilimia 2, chovya mara moja. Yale ambayo bado hayajanuka yasugue kwa mikono ndani ya maji safi. Utando wa wanga hulainika na kutoka. Kisha yaweke penye hewa.

Na angalia madoa meusi. Kama yanapanuka kutoka vidoa vidogo, hiyo ni chule, ugonjwa wa kuvu, ambayo ilikuwa imejificha ndani ya ngozi tangu embe likiwa changa mtini. Utando hauitibu. Maji ya moto ya nyuzi 52 kwa dakika 5, kabla ya kuchovya, hupunguza sana. Ila kipimajoto hapo ni lazima, kwani nyuzi chache zikizidi ngozi inaungua.

Glisirini ya dukani, ile ya kupaka mikono, inafaa? – Mama wa nyumbani, Morogoro

Haifai kwa chakula. Nunua iliyoandikwa kwamba ni ya chakula, au ya kiwango cha dawa kutoka duka la dawa linaloaminika. Ile ya vipodozi huweza kuwa na manukato na vitu vingine. Glisirini isiyojulikana ilikotoka ina hatari kubwa zaidi, kwani imewahi kuchanganywa na kemikali ya bei rahisi inayoua figo. Ukiikosa, tumia sobitoli ya chakula kwa uzito uleule. Utando utakuwa mgumu kidogo lakini hautanata wakati wa masika.

Huku kwetu Ilula ni nyanya. Wanga haushiki, unajikusanya matone matone kama mvua juu ya jani la mgomba, na ulioshika unabanduka magamba meupe. – Kikundi cha wakulima, Iringa

Mna matatizo mawili ambayo yamefika pamoja.

Matone ni kwa sababu ngozi ya nyanya ina nta yake ya asili, na nta hukataa maji. Inatakiwa kitu kinachopatana na pande zote mbili. Tumieni polisobeti 80 ya chakula, gramu 1 kwa lita, au lesithini ya soya iliyochanganywa kwanza na maji ya uvuguvugu. Sabuni ya vyombo msiguse, hata kama inaonekana kufanya kazi.

Magamba ni ukosefu wa glisirini. Minyororo ya wanga ikikauka hushikana kwa nguvu mno, na nyanya ikipungua kidogo kwa kupoteza maji, utando usionyumbulika hupasuka. Glisirini hukaa katikati ya minyororo na kuilegeza. Chini ya asilimia 20 ya uzito wa wanga, mtaona magamba. Juu ya 40, nyanya zitanata mikononi na kukusanya vumbi lote la barabara ya Iringa.

Lakini kwa nyanya tungewashauri muuache wanga mjaribu gundi ya kikwata, ile ya migunga ambayo wafanyabiashara huiita gamu arabiki. Sudan ndiyo muuzaji mkubwa duniani, ila hata Kenya kaskazini, huko Isiolo, Samburu na Turkana, inakusanywa. Vipimo vyake vitawashangaza: gramu 100 kwa lita, yaani asilimia 10. Wanga wa kiasi hicho ungekuwa gundi ya kubandikia mabango, lakini gundi hii molekuli zake zimejikunja kama mpira, hazitandi kama nyuzi, kwa hiyo hata asilimia 10 inamiminika kama maji. Isageni, iloweni kwenye maji ya nyuzi 40 mkikoroga kwa saa moja, chujeni vijiti na magome, tieni gramu 10 za glisirini. Msifike asilimia 15: nyanya hushindwa kuiva vizuri na hupata ladha isiyoeleweka.

Na jambo hili msilisahau: nyanya haina vitundu vya kupumulia kwenye ngozi. Hewa yake karibu yote hupita kwenye kovu la kikonyo. Maji ya gundi yakituama hapo na kukauka kama kifuniko, mmeziba mlango wenyewe. Zikitoka kwenye ndoo, zilazwe kovu likitazama chini ili maji yachuruzike.

Machungwa yangu hayaozi, yananyauka tu. Wanga haujasaidia kitu. – Mfanyabiashara, Muheza

Hautasaidia peke yake, kama tulivyomweleza msomaji wa Malindi. Wanga unapenda maji, na kinachopenda maji huyapitisha. Dhidi ya kunyauka unahitaji mafuta au nta ndani yake.

Chukua kichocheo kilekile cha asilimia 2. Kwa kila lita, wanga ukiwa umeiva na ungali kwenye nyuzi 80, tia gramu 5 za nta ya nyuki na gramu 1 ya polisobeti 80. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo kila kitu kifanyike juu ya hapo. Saga kwa blenda ya mkono dakika 5 mfululizo, halafu endelea kukoroga wakati unapoa. Ukiacha kukoroga mapema, nta itapanda juu na kuganda kama samli, nawe utakuwa umechovya machungwa kwenye wanga mtupu. Mchanganyiko uliofaulu ni mweupe kama maziwa na haujitengi ukikaa saa moja. Tunda halitang’aa sana, na wateja waliozoea machungwa yanayometameta watauliza. Waeleze.

Nimetumia unga wa muhogo wa nyumbani. Utando umetoka wa kijivu, una chembe kama mchanga. – Msomaji, Mkuranga

Unga si wanga. Unga wa makopa una nyuzinyuzi, protini na kila kilichokuwa ndani ya mzizi. Wanga ni kile kinachotuama chini ya maji peke yake. Mko penye mihogo mingi, utengenezeni.

Mihogo iwe imechimbwa siku hiyo, au jana kwa kuchelewa sana. Baada ya hapo mizizi huanza kufanya michirizi ya bluu na kahawia, na wanga unapungua weupe. Menya maganda yote mawili, la nje na lile nene la ndani, osha, kwaruza laini. Kadiri unavyokwaruza laini ndivyo chembe nyingi za wanga zinavyoachiwa. Kwa kila kilo ya muhogo uliokwaruzwa, tia lita 2 za maji, kamua na kuchuja kwa kitambaa kama unavyokamua nazi. Rudia machicha mara ya pili. Acha maji yatuame saa 6, mwaga ya juu, koroga wanga kwa maji mapya, acha utuame tena, na ikiwezekana mara ya tatu. Usiulaze siku mbili ndani ya maji yaleyale, utachacha na kunuka.

Anika tabaka jembamba juani. Wanga safi uliokauka ukiuminya kati ya vidole unalia kwi kwi, unga haulii. Muhogo mbichi una wanga kama robo ya uzito wake, lakini kwa mikono hutaupata wote.

Kama ni muhogo mchungu, sumu yake ya sayanaidi huondoka na maji unayomwaga. Basi maji hayo yasiachwe mbuzi au kuku wakayanywa, na usiruke kuosha mara ya pili.

Tuna maonyesho ya sayansi shuleni. Tunataka utando unaobanduka, wa kuushika mkononi. Tumejaribu mara tatu: wa kwanza ulipasuka vipande, wa pili haukukauka, wa tatu umejaa viputo. – Wanafunzi wa kidato cha tatu, Dodoma

Mmefanya makosa yote muhimu kwa mara tatu, wengine huchukua mwaka.

Wanga gramu 5, maji mililita 100, glisirini gramu 1.5. Pikeni kama kawaida mpaka uangaze. Viputo vinatoka kwenye kukoroga kwa pupa: koroga polepole, kisha acheni sufuria ndani ya maji ya moto dakika 15 bila kugusa ili hewa ipande. Mimineni mililita 30 kwenye bamba la plastiki laini lenye kipenyo cha sentimita 15. Mkipata unene wa karibu milimita 0.09 mmefaulu. Meza iwe sawa kabisa. Wekeni glasi ya maji juu yake mtazame. Upande wenye kina hukauka mwisho na kuvuta mwingine hadi ukunjamane. Msitumie sufuria ya aluminiamu iliyokwaruzika kumiminia, hautabanduka.

Kausheni kivulini penye hewa, saa 24 au zaidi. Jua la Dodoma ndilo lililopasua ule wa kwanza: juu ulikauka na kusinyaa wakati chini bado maji. Ule usiokauka bila shaka mlizidisha glisirini.

Vichocheo vingi mitandaoni huongeza siki. Siki hukata baadhi ya matawi ya amilopektini, molekuli kubwa yenye matawi ambayo ni zaidi ya robo tatu ya wanga wa muhogo, na utando huwa laini zaidi. Kijiko kimoja cha chai kinatosha. Siki nyingi na moto mrefu vitawaachia maji matupu.

Wekeni kipande kimoja kabatini mwezi mzima. Kitakuwa kigumu kuliko kilivyokuwa. Ni jambo lilelile linaloupata ugali uliolala: minyororo ya amilosi, molekuli ya wanga iliyonyooka, hujipanga upya na kukazana. Wapeni waamuzi kiporo na utando washike pamoja, wataelewa haraka kuliko kwa bango.

Mwani wetu unafaa? – Mkulima wa mwani, Paje

Unafaa, ila inategemea upi. Spinosumu, ambao ndio mwingi mashambani Unguja, hutoa karajinani, dutu ya mwani inayogandisha maji, ya aina ya iota, yenye kufanya jeli laini inayonesa. Kotonii hutoa kapa, na kapa ndiyo yenye utando mkavu, mwangavu na imara. Bahati mbaya kotonii ndio unaoteseka zaidi maji ya bahari yakipata joto. Kwa kapa iliyosafishwa: gramu 10 kwa lita, nyuzi 80, glisirini gramu 4, na chumvi ya potasiamu kloraidi gramu 1 kuikaza. Chovya ikiwa bado ya uvuguvugu wa nyuzi 45 hadi 50, kwani ikipoa inaganda ndooni. Mwani uliochemshwa nyumbani bila kupitishwa kwenye alkali hutoa jeli dhaifu. Uchanganye na wanga nusu kwa nusu.

Kwa nini basi tusifungie bidhaa kwenye mifuko ya wanga, maana ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania bara 2019? – Msomaji, Mombasa

Jaza samaki wabichi kwenye mfuko wa wanga mtupu uone kama utafika nao nyumbani. Kwa viungo vikavu, majani ya chai, au kutenganisha vipande vya halua, unafaa. Kwa chochote chenye unyevu, hapana. Hata selofani, utando wa selulosi ya miti uliobuniwa na Mswisi Jacques Brandenberger mwanzoni mwa karne ya 20, ilipitisha mvuke wa maji mpaka mwaka 1927, ilipopakwa vanishi nyembamba juu yake. Jihadhari pia na mifuko inayosifiwa kuwa “ya wanga” ilhali wanga umechanganywa na plastiki ya kawaida: wanga unaoza, plastiki inabaki vipande vidogo vidogo shambani.

Babu alikuwa akisema sandarusi ya pwani, ule utomvu wa mti uliogandamana, ilipelekwa Ulaya na Marekani kutengeneza vanishi. Naweza kuipaka matunda? – Msomaji, Kilwa

Babu alisema kweli. Katika karne ya 19 sandarusi ilikuwa bidhaa kubwa ya Zanzibar, na meli za Salem, Massachusetts, ziliifuata huku. Iliyothaminiwa ni ile iliyochimbwa ardhini, iliyokaa muda mrefu mpaka molekuli zake zikaungana na kuwa ngumu. Changa ya mtini, na chakazi, yaani isiyokomaa, zilikuwa na bei ya chini.

Ugumu huohuo ndio unaoifanya isifae jikoni. Sandarusi ya ardhini haiyeyuki kwenye maji, na hata kwenye spiriti ni kidogo. Watengeneza vanishi waliiyeyusha kwa joto la nyuzi 300 na zaidi, wakaitia mafuta ya kitani ya moto, halafu tapentaini, kazi iliyochoma karakana nyingi. Ipake mlango, ipake sanduku. Embe lipake wanga.